Majina Matano, Siku Nane Barabarani

Usiku wa kuamkia safari

Daftari langu lina majina matano. Niliyaandika miezi mitatu iliyopita, usiku mmoja nilipokosa usingizi na kujikuta nikiwahesabu watu ambao, wakipata habari mbaya kunihusu, watalia kwelikweli, ilhali mimi sijui hata nyumba wanazoishi siku hizi zina milango ya rangi gani. Wa kwanza ni rafiki niliyekaa naye dawati moja kwa miaka sita. Wa pili ni mjomba, mdogo wake mama. Wa tatu ni shangazi, aliyenilipia masomo mwaka ambao baba aliugua. Wa nne ni mwanawe, binamu yangu, ambaye hatujasemezana kwa miaka tisa. Wa tano ni mama jirani aliyetulea mimi na mdogo wangu mchana kutwa wazazi walipokuwa kazini. Kwa simu ningewamaliza wote jioni moja, na hasa kwa sababu hiyo nimeamua kwamba simu itatumika kuomba ruhusa ya kufika tu.

Mdogo wangu wa kike amekubali kuandamana nami kwa masharti mawili: usukani tutagawana nusu kwa nusu, na muziki sitachagua mimi. Gari letu lina miaka kumi na miwili, hivyo leo asubuhi nimelipeleka kwa fundi ninayemwamini. Ameangalia oili, breki, mikanda, maji ya rejeta na taa zote, akapima upepo wa matairi kabla hayajapata moto, kwa kuwa hewa iliyopashwa na mwendo hutanuka na kutoa kipimo cha uongo. Nilidhani amemaliza, kumbe bado. Alifungua buti, akatoa tairi la akiba ambalo sikuwahi kulitumia, akapitisha kidole ubavuni mwake mpaka akazipata tarakimu nne: 3111. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi hilo lilitengenezwa katika wiki ya 31 ya mwaka 2011. Alinionyesha kwa ncha ya kucha nyufa nyembamba kama nywele. Mpira huchakaa kwa joto na kwa oksijeni iliyomo hewani, hata kama haujawahi kukanyaga barabara. Nimenunua jingine bila ubishi.

Siku ya kwanza: kilomita 410

Tumekataa kishawishi cha kuondoka usiku wa manane ili kuiwahi barabara ikiwa tupu. Mwili wa binadamu hulegea zaidi kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri, kisha hulegea tena, ingawa si sana, kuanzia saa nane hadi saa kumi za alasiri, na dereva hawezi kuushinda mwili wake kwa ushujaa. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari hula mita 25 kila sekunde. Anayesinzia kwa sekunde nne amepita mita 100 akiwa hayupo. Tumeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kila baada ya saa mbili tumesimama robo saa, kama kanuni za barabara za Uingereza zinavyowashauri madereva wa huko. Robo saa ni ndefu kuliko unavyodhani ukiwa na hamu ya kufika. Mdogo wangu huitumia kutembea akizunguka gari, na kila mzunguko hupiga teke dogo kila tairi, jambo ambalo halisaidii chochote lakini humridhisha.

Ndani ya gari watu huketi ubavu kwa ubavu, macho yote yakitazama mbele, na nadhani ndiyo maana maneno yaliyogoma kutoka mezani hutoka barabarani. Tulipokaribia kilomita ya 200 aliniambia, pasipo kunitazama, kwamba watatu kati ya wale watano amekuwa akiwatembelea kila mwaka.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, kaka."

Nilinyamaza hadi kituo cha mafuta kilichofuata.

Rafiki wa dawati ametupokea nje ya nyumba yake akiwa na mvi ambazo sikuziona zikianza. Tulikumbatiana vizuri, kisha kwa nusu saa nzima tukazungumzia barabara: ilikuwaje, wapi pana mashimo, malori yalikuwa mengi kiasi gani. Habari za barabara ni uwanja salama wa watu ambao hawajaonana kwa miaka kumi na sita. Hakuna anayeweza kuumia humo. Nilianza kuogopa kwamba tumebakiza uwanja huo peke yake, mpaka mkewe alipouliza kwa upole ni nani kati yetu aliyevunja dirisha la darasa.

Siku ya pili: hatujasafiri

Dirisha hilo limekula asubuhi yote. Rafiki yangu anakumbuka kwamba nilirusha jiwe mimi, nikilenga embe, na kwamba alichapwa yeye. Mimi nakumbuka kinyume chake, tena kwa uwazi wa kutisha: naiona shati yake, nasikia kioo, nahisi viboko. Tulipomgeukia mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la kwanza, alisema dirisha lilivunjwa na upepo wa mvua na kwamba hakuna aliyechapwa. Tulicheka hadi mbavu zikauma, kisha kila mmoja akashikilia la kwake.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, Frederic Bartlett, alichapisha mwaka 1932 matokeo ya majaribio ambamo watu walisoma hadithi ngeni kwao na kuombwa waisimulie tena baada ya muda. Yale wasiyoyaelewa waliyaacha au kuyageuza yafanane na mambo waliyoyazoea, na bado waliamini kwamba wanasimulia kilekile walichosoma. Kwa Bartlett, kukumbuka ni kujenga upya kwa vipande vilivyopo. Nilimweleza rafiki yangu haya nikidhani yatamaliza kesi. Akanijibu kwamba katika hali hiyo nikubali tu kuwa nimejenga vibaya.

Jambo moja tulikubaliana: hakuna kati yetu aliyewahi kuamua kuuacha urafiki huu. Mimi nilikuwa nikingoja apige kwa kuwa mara ya mwisho nilipiga mimi. Naye alikuwa akingoja kwa sababu hiyohiyo.

Siku ya tatu: kilomita 265

Mjomba alikuwa fundi saa. Utotoni niliamini kwamba anaweza kuusimamisha muda akitaka, maana nilimwona akiugusa kwa ncha ya bisibisi nyembamba kama sindano. Tulikuwa tumeshaambiwa kwa simu kwamba usahaulifu wa uzeeni umemkaba, lakini kuambiwa na kukaa mbele yake ni mambo mawili.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliniuliza.

Nikamtajia jina la mama. Alifurahi sana, akamsifu dada yake, akanipa kiti. Baada ya dakika kumi akaniuliza tena, na mimi, kwa ujinga ambao hadi sasa unanisumbua, nikasema, "Mjomba, si nimeshakueleza?" Uso wake ulififia kama mtoto aliyekaripiwa pasipo kujua kosa. Mdogo wangu akasogeza kiti chake mbele yangu, na kuanzia hapo kila swali lilipokuja alilijibu kama jipya, kwa furaha ileile, na kila mara mjomba alimpokea dada yake upya. Kwa jioni moja alizipata habari njema zilezile mara tisa au kumi. Aliyekuwa akiteseka chumbani mle nilikuwa mimi tu.

Mfaransa Théodule Ribot alieleza mwaka 1881 kwamba kumbukumbu inapobomoka, mambo ya karibuni huwa ya kwanza kwenda na yale ya zamani hudumu zaidi. Ndivyo tulivyomkuta mjomba: hakujua tumefika saa ngapi, lakini alijua mama alikuwa akiruka ngazi gani ya nyumba yao kwa kuwa ilikuwa mbovu. Mikono nayo ina kumbukumbu zake. Aliiona saa yangu ya mkononi, ya kutia ufunguo, niliyoirithi kwa baba na ambayo ilikuwa imesimama kwa uvivu wangu. Aliivua mkononi mwangu bila kuomba, akaiweka sikioni, akaikunja kamba yake chini isikwaruze, kisha kwa kidole gumba na cha shahada akaanza kukizungusha kile kitufe cha ubavuni. Alikwenda polepole, mizunguko mifupi, akisikiliza. Alipohisi kwamba kamani imejaa, aliacha palepale, pasipo kulazimisha hata nusu ya mzunguko. Akamuuliza mdogo wangu saa, akairekebisha, akanirudishia.

"Usiikaze kupita hapo," alisema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Safari hii nilijibu vizuri.

Siku ya nne: kilomita 330

Kwenye kilomita ya 240 usukani ulianza kuvuta kushoto, kisha tukasikia lile pigo zito la mpira usio na upepo. Pancha, gurudumu la nyuma. Mdogo wangu aliliacha gari lipunguze mwendo lenyewe bila kukanyaga breki kwa hasira, akalitoa barabarani hadi mahali tambarare, akavuta breki ya mkono. Tuliweka pembetatu za tahadhari nyuma yetu kwa umbali wa kutosha, tukaweka jiwe kwenye gurudumu la mbele, na nati tukazilegeza gurudumu likiwa bado chini, kwa sababu gari lililokwisha kuinuliwa kwa jeki si la kusukumwasukumwa. Ndipo likaja tairi jipya la akiba, na kimoyomoyo nikamshukuru fundi.

Kazi aliifanya yeye. Mimi nilishika tochi ambayo haikuhitajika kwa kuwa lilikuwa jua kali. Ili nisionekane mzigo kabisa, nilimsimulia habari za Bertha Benz. Mnamo Agosti 1888 mwanamke huyo wa Ujerumani alilichukua gari alilolibuni mumewe, Karl, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akaondoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100, bila kumuaga mumewe. Hakuna aliyekuwa amekwenda mbali kiasi hicho kwa gari la injini. Mafuta yalipopungua aliyapata katika duka la dawa mjini Wiesloch. Njia ya mafuta ilipoziba aliizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipochakaa alimwendea fundi viatu akazigongomelea ngozi. Vitabu husema alitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba gari linafaa, na hilo ni kweli. Mimi hupenda zaidi sehemu ya pili ya habari: Pforzheim ndiko alikokuwa akiishi mama yake. Safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa ya binti kwenda kumwona mama.

"Na hao vijana wawili walisaidia?" aliuliza mdogo wangu huku akikaza nati ya mwisho.

"Walisukuma kwenye vilima."

"Basi walikuzidi."

Tulimpigia shangazi kumwarifu kwamba tutachelewa. Tumefika saa mbili usiku. Taa ya nje ilikuwa inawaka, naye alikuwa amekaa chini yake, shuka mabegani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Ingieni, hayo mengine kesho."

Siku ya tano: hatujasafiri

Nikiambiwa nichague siku moja ya safari hii na kuzitupa nyingine zote, nitaichagua hii, ingawa ndiyo iliyoniuma zaidi.

Asubuhi tumelipeleka tairi lililotoboka kwa mziba pancha, akachomoa msumari wa urefu wa kidole. Tuliporudi, shangazi alitaka kumpigia simu jirani yake, akaniomba nimsomee namba kutoka kwenye daftari lake. Ni daftari nene la jalada gumu, uti wake umeshonwa upya kwa uzi mweusi. Kila mtu ana ukurasa wake. Nikiutafuta ukurasa wa jirani nikaukuta wangu.

Ulikuwa na namba tano. Nne zilikatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, uliopigwa kwa rula, ili kilichoandikwa bado kisomeke. Pembeni ya kila namba palikuwa na mwaka, na pembeni ya mwaka maneno machache kwa mwandiko wake wa kulala: kwa mama yake, kwa mdogo wake, kwa mdogo wake, kwa mwenzake wa kazini, yule mpole. Nimebadilisha namba mara nne maishani mwangu, na sikumpelekea hata moja. Kila mara alinitafuta. Ile ya tano alikuwa ameipata bila kuandika kwa nani, nayo ilikuwa sahihi kasoro tarakimu ya mwisho.

Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikisema mbele za watu kwamba upande wa shangazi umekuwa kimya.

"Shangazi, mbona hukunipigia?"

"Nilikupigia mara mbili," alisema, bila lawama, kama anayesoma namba. "Mara ya kwanza ulikuwa kikaoni, ukasema utanipigia ukitoka. Mara ya pili sauti yako ilikuwa ya mtu aliye kikaoni, nikakata kabla hujasema."

Mdogo wangu alitoka nje kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mimi nikaomba kalamu na rula. Niliikata ile ya tano kwa mstari mmoja, kama afanyavyo yeye, nikaandika ya sita kwa mkono wangu, nikaweka mwaka. Pale pa maneno nikakwama. Aliichukua kalamu akaandika: amekuja mwenyewe.

Jioni tulizungumza habari za mwanawe. Miaka tisa iliyopita mume wa shangazi alifariki, nami sikwenda kumzika; nilituma mchango na udhuru wa kazi. Shangazi alinisamehe wiki hiyohiyo. Binamu, hapana, na sioni kwa nini ilimpasa. Tulikuwa tumelelewa kama ndugu wa tumbo moja, na siku aliyombeba baba yake alitazama nyuma akitarajia kuniona.

"Kesho nenda," shangazi aliniambia. "Mwombe radhi, kisha unyamaze. Usimpe sababu. Sababu zako anazijua, nilimweleza mimi."

Siku ya sita: kilomita 180

Nilimpa sababu.

Binamu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na tulimkuta siku yake ya kupumzika. Alitupokea getini na getini tukabaki. Alimsalimia mdogo wangu kwa uchangamfu, mimi akanipa mkono. Nikaomba radhi, na hadi hapo mambo yalikuwa mazuri, lakini kimya kilichofuata kilinishinda, na kabla sijajizuia nikajisikia nikisema, "Unajua, wakati ule kazini tulikuwa..." Aliinua kiganja. Hakukasirika. Alikiinua tu kama mtu anayesimamisha gari, kisha macho yake yakateremka kwenye gurudumu la nyuma.

"Hilo limebadilishwa lini?"

"Juzi, njiani."

"Mmetembea kilomita ngapi tangu mlibadilishe?"

Nikapiga hesabu: 90 za juzi na 180 za leo. "270."

"Na nati mmezikaza tena?"

Hatukuwa tumezikaza. Wala sikujua kwamba gurudumu likishafungwa upya inafaa usimame baada ya kilomita 50 hadi 100 na kukaza tena, kwa kuwa nati hukaa sawa mahali pake baada ya mwendo na mzigo, na mkazo wa mwanzo hupungua. Aliingia ndani, akarudi na spana yake ya msalaba, akapiga goti moja vumbini akiwa amevaa suruali safi ya mapumziko. Alianza na nati ya juu, akafuata inayoielekea chini, kisha za pembeni kwa kukingama, si kwa kuzunguka kama saa. Tatu hazikusogea. Ya nne ilikwenda robo mzunguko mzima, na sote tuliiona ikienda. Hakusema neno. Alirudia duru ya pili, akaipangusa spana kwa kitambaa, akamwambia mdogo wangu akae salama, nami akaniambia, "Haya."

Hakutukaribisha ndani. Dakika ishirini, labda ishirini na tano. Mdogo wangu alipoliwasha gari nilimwona kwenye kioo bado amesimama, akilitazama lile gurudumu linavyozunguka.

Siku ya saba: kilomita 95

Mama jirani sasa ana umri wa miaka themanini na ushei na sikio moja limeziba. Ametuita kwa majina ya utotoni ambayo sitayaandika hapa. "Mlipopiga simu kwamba mnakuja," alisema kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia vizuri, "nilimuuliza mwanangu, nani amekufa?" Tulipomhakikishia kwamba hakuna, aliduwaa kidogo, kisha akatucheka. Mchana wote tulikaa barazani bila la maana, na hakuna hata mmoja aliyetafuta la kusema. Alisinzia, tukasubiri, akaamka, tukaendelea.

Siku ya nane: kilomita 560

Siku ndefu kuliko zote, na ratiba mbaya niliyoipanga mwenyewe. Ningeipanga upya ningeikata vipande viwili na kuongeza usiku mmoja kwa shangazi. Tumepokezana usukani kila baada ya saa mbili. Baada ya kilomita 80 tulisimama, nikashuka na spana ya gari, nikazijaribu nati zote kwa kukingama. Hakuna iliyosogea.

Tumefika nyumbani saa moja usiku. Mita ya gari inasema kilomita 1,840. Kabla ya kushusha mizigo niliwapigia kuwaarifu kwamba tumefika salama. Rafiki wa dawati alitaka nikiri habari za dirisha. Kwa mjomba simu ilipokewa na mwanawe, akampa, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Mama jirani hakusikia, akacheka. Shangazi alipokea kabla mlio wa pili haujaisha. Alisema alikuwa amekaa karibu na simu kwa bahati tu.

Namba ya binamu sina, na getini sikuthubutu kumwomba. Saa nne na dakika kadhaa, nikiwa nimeshazima taa, uliingia ujumbe kutoka kwa namba nisiyoijua: "Nati zimeshika?"

Nikajibu kwamba zimeshika.